Mpira Uliolala Njiani

Nilisikia mpira kabla sijaona uwanja. Nilikuwa nimeshuka stendi ya Babati, nikapita uchochoro wa nyuma ya shule moja kutafuta kivuli, na upande wa pili wa ukuta mpira ukadunda kwenye udongo mkavu, ukadunda tena, halafu kimya. Kimya kile ndicho kilichonisimamisha. Mpira wa miguu haunyamazi namna hiyo. Ni mpira wa pete unaotoka kwenye mikono ya mtu aliyesimama, ukapanda, ukakaa juu pasipo mtu kuugusa, na wote mnaotazama mkasahau kumeza mate. Kisha chuma kikalia, nguzo ikatikisika, wasichana wakapiga kelele. Sikuchungulia. Niliweka begi chini nikaegemea ukuta uliokuwa bado na joto la mchana, na hapo nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, Maretadu, katika msimu ambao hatukuruhusiwa kutoka.

Mama yangu alikuwa mchezaji wa mpira wa pete, na ninaposema hivyo ninamaanisha kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Ninyi wa umri wangu mtakumbuka, kama wazazi wenu walipita viwandani. Kila shirika kubwa lilikuwa na timu, na msichana mrefu mwenye shabaha aliweza kuonekana kwenye mashindano ya shule akiwa bado na sare, akachukuliwa, akapewa kitanda kwenye nyumba za wafanyakazi na kitambulisho chenye picha. Mama alichukuliwa na kiwanda cha nguo Arusha. Kwenye karatasi alikuwa mkunjaji wa vitambaa. Asubuhi alikunja, mchana alivaa raba na sketi akaenda kufunga magoli. Alisafiri kwa treni na kwa meli. Miji mikubwa ya nchi hii aliijua kwa viwanja vyake: pale vumbi, pale mchanga, pale saruji inayochuna magoti. Hadi leo ukimuuliza Mwanza ikoje atakwambia ina upepo unaotoka kushoto.

Baba alikuwa fundi mashine kiwandani humo humo, kijana wa Maretadu, Mwiraqw. Mama hakuwa wa huku. Walioana, nikazaliwa mimi, mama akarudi uwanjani nikiwa bado natambaa, na watu wa timu walinilea kwa zamu kwenye benchi, wakinipa maganda ya machungwa nichezee.

Kisha kiwanda kikauzwa. Waliokinunua walitaka mashine na majengo. Mama husimulia kwamba kitu cha kwanza kuondolewa hakikuwa watu, zilikuwa nguzo za magoli. Ziling'olewa zikapakiwa kwenye lori pamoja na vyuma chakavu, na mama alipouona uwanja hauna kitu alirudi nyumbani kufunga sanduku, kabla hata majina ya waliopunguzwa hayajabandikwa ukutani. Tukahamia Maretadu, kwa bibi, mama yake baba. Baba alilima msimu mmoja, mahindi na maharage, akaona mikono yake haijui jembe, akaenda Mererani kutafuta mawe kama wanaume wengi walivyofanya. Tukabaki mama, mimi, na mdogo wangu Ombeni aliyezaliwa baada ya baba kuondoka.

Nyumba yetu ilizungukwa na ua wa minyaa, ile miti isiyo na majani ambayo ukiivunja inatoa maziwa yanayopofusha. Ng'ambo ya minyaa ilipita njia ya watu na mifugo, na ng'ambo ya njia ilikuwa nyumba ya bibi. Mama alisimamisha mti wa mkaratusi uani, akampelekea fundi wa Dongobesh kipande cha nondo akakikunja kuwa pete. Jioni wasichana wa kata walikuja kufundishwa. Bibi alikuwa akisimama njiani na fimbo yake akitazama, na alimwambia kila aliyepita kwamba mke wa mwanawe anarukaruka kama mbuzi aliyemeza nyuki, tena amevaa sketi ya mtoto. Alisema kwa sauti ili mama asikie. Mama naye aliitikia kwa heshima, "Ndiyo mama," akatupa mpira, akafunga.

Wakati huo mkoa wetu ulikuwa mpya, umekatwa kutoka Arusha, na kila kitu kilikuwa kinatafutiwa watu: ofisi, mihuri, na timu. Habari ilifika kwamba Babati wanaunda timu ya wanawake ya mkoa, na kwamba kwenye mashindano ya mikoa watakuja wale wachache waliokuwa bado wanaajiri wachezaji, timu za majeshi na nyingine za mjini. Mama alianza kukimbia asubuhi, kabla ya umande kukauka, akiwa amemfunga Ombeni mgongoni ili bibi aone kwamba hajamwacha mtoto. Nilimsikia akiongea na nguzo. Alikuwa anaiambia kwamba bado, bado kidogo. Wafungaji wa umri wake ndio wanaoanza kuachwa nyumbani. Ile ilikuwa nafasi yake ya mwisho kurudi kwenye kazi pekee aliyoijua, na hata mimi mtoto nilijua hilo, kwa sababu alikuwa ameanza kuzisugua raba zake kwa chaki.

Ombeni akashikwa na homa, akafa. Alikuwa bado ananyonya.

Huku kwetu, siku zile kuliko sasa, nyumba iliyofiwa na mtoto anayenyonya iliingia metimani. Ni mwiko mzito, na maana yake ni kwamba mkosi umeingia kwenye nyumba hiyo na lazima ukae humo humo hadi upoe, usitembee. Kwa hiyo watu wa nyumba hiyo hawatembei. Hawashiki mkono wa mtu, hawali na mtu, hawavuki shamba la mtu. Maji wanachota chini ya mto, baada ya wengine kuchota juu. Moto wetu ungezimika hakuna jirani ambaye angetupa kaa. Hata shule sikwenda. Atakayekula nasi, naye ameingia, atakaa humo hadi sisi tutoke. Hakuna aliyekuwa na ubaya na sisi. Watu walilia kweli walipomzika Ombeni, na kesho yake walipotukaribia walishuka njiani wakapita kwenye mahindi.

Mama hakunieleza haya kwa mpangilio, nadhani hakuwa na nguvu. Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe, kwa kutumia kitu pekee nilichokijua. Kwenye mpira wa pete kila mchezaji ana herufi kifuani na eneo lake. Mfungaji hatoki kwenye theluthi ya uwanja yenye goli analofungia, hata timu yake ikizidiwa kule nyuma. Husimama kwenye mstari akatazama, na akiukanyaga tu filimbi inalia. Mama alinifundisha hilo kabla sijajua kusoma. Basi nilipomwona anafika kwenye pengo la minyaa na kusimama, vidole vya miguu vikiwa vimeishia pale pale, mikono ikining'inia, akitazama watu wanavyopita mbali, niliona ni mchezo. Niliona tumepewa eneo. Wale waliotukwepa walikuwa wa upande wa pili, na mahali fulani, pengine kanisani, pengine Babati, alikuwepo mtu mwenye filimbi ambaye angeipuliza siku moja mambo yakaisha, tukapeana mikono. Nilitulia sana kwa sababu ya imani hiyo. Watu wazima walisema nina adabu.

Kwa muda mrefu mama hakuugusa mpira. Halafu asubuhi moja aliuchukua akaanza kutupa. Hakufurahi wala hakuhesabu, alitupa kama mtu anayetwanga. Pete ilikuwa imepinda kidogo, mpira ukagonga ukingo, ukaruka minyaa na kuangukia njiani.

Ulilala pale. Mama aliniambia nisitoke kwanza, kuna watu. Mwanamke mwenye ndoo kichwani alikuja, akauona, akaingia kwenye mahindi akiwa ameishika ndoo kwa mikono yote miwili. Mbuzi wakaja wakaunusa, mchungaji wao akawapiga fimbo wakatawanyika. Akaja Fausta, msichana aliyekuwa akifundishwa na mama, mrefu, mwenye mikono mizuri. Alisimama. Nilimwona kupitia matawi anavyoukunja mguu na kuukunjua, jinsi mtu anavyofanya mpira ukiwa umesimama mbele yake na hakuna sababu duniani ya kutoupiga. Aliangalia kwenye pengo letu. Mama alikuwa amesimama pale. Sidhani hata waliitikiana kwa macho. Fausta akazunguka kwa mbali, akaenda zake, na kutoka upande wa mifugo mvulana mmoja akapaza sauti, "Mpira wenu umetoka nje, refa yuko wapi?" Wenzake wakacheka. Mimi nilimpenda mvulana yule. Nilidhani naye anauona mchezo.

Mvua ikaunyeshea mpira, jua likaukausha, na njia ilipokuwa tupu nikatumwa kuuchukua. Nilikimbia kama mwizi. Upande mmoja ulikuwa umepauka, na ulinuka mpira uliochemka na mavi ya mbuzi.

Ndipo akaja Mwalimu Rehema. Alikuwa amecheza na mama kiwandani, yeye ndiye aliyekuwa akimletea mama mpira golini; sasa alikuwa mwalimu na ndiye aliyepewa kuunda timu ya mkoa. Kwao ni Dongobesh, wenye duka, Waislamu, kwa hiyo mambo yetu aliyajua kama mtu anavyoyajua mambo ya jirani. Alitembea toka barabarani akiwa na viatu mkononi. Mama alimwona akiwa bado mbali, akainua kiganja.

"Simama hapo hapo, Rehema."

"Nimekanyaga tope lote hili halafu unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Mtoto amekufa."

Mwalimu Rehema alitazama pengo, akanitazama mimi, akaelewa. Akakaa chini pale pale njiani, kwenye majani, na gauni lake zuri. Alisema pole, akasema tena. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti kubwa na yeye akaitikia kwa sauti kubwa, kama watu walio kingo mbili za mto. Kisha wakaanza kuongea hivyo, wakipaziana sauti, mambo ambayo wanawake huongea kwa kunong'ona. Alimwambia mama kambi inaanza juma lijalo. Wafungaji alionao ni watoto, wanaogopa kelele. Alikwisha mtaja mama kwa wale wa Dar es Salaam watakaokuja kuangalia, na mmoja wao alimkumbuka.

Mama akauliza aliyekumbuka ni nani. Akajibiwa. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akaweka mkono mdomoni.

"Babati hakuna anayejua metimani yako," alisema Mwalimu Rehema. "Ukishuka kwenye basi pale wewe ni mchezaji tu. Njoo."

"Na huyu nimwachie nani?"

Mama hakunyoosha kidole. Alinionyesha kwa kidevu. Mwalimu Rehema alisema kambini hawakubali watoto, lakini kwao Dongobesh nafasi ipo, mama yake angenipokea. Mama akamuuliza, kwa upole kabisa, wateja wa duka la mama yake ni akina nani. Si ni watu hawa hawa? Wakisikia mtoto wa nyumba hii anakula pale, nani atakwenda kununua chumvi? Mwalimu Rehema akang'oa jani akaliviringisha.

Nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na pale ndipo mchezo wangu ulipoisha. Mama angeweza kutoka. Miguu yake ilijua njia ya mtoni isiyopita shamba la mtu, na Babati ilikuwa imejaa watu wa kila kabila wasiojua kitu. Hakuna aliyemzuia. Hakukuwa na filimbi popote. Kilichomzuia nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa mdogo mno kubaki peke yangu na moto, na hakuna mlango mwingine Maretadu ambao ungenifungukia. Nilijaribu kukaa nikiwa mdogo zaidi. Niliingiza miguu ndani ya gauni.

Mwalimu Rehema aliondoka akisema atamngoja hadi siku ya mnada, lori la wafanyabiashara likirudi Babati litampitia barabarani. Mama alijibu asimngoje. Kisha akaingia ndani, akaanza kuchambua maharage ambayo yalikuwa yamekwisha chambuliwa.

Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba bibi alikuwa amesikia kila neno. Watu wawili wakipaziana sauti vile, kata nzima ingesikia kama isingekuwa shambani. Kila jioni alikuwa akija kwenye jiwe lililokuwa upande wa pili wa njia, anasimama, nami namwamkia, ananiuliza kama kuku ametaga, anaweka chini kitu alichotuletea, anarudi nyuma ndipo niende kukichukua. Siku zile jioni hizo zilikuwa fupi, maana shangazi Veronika, binti yake, alikuwa amekuja kujifungulia kwake na tumbo lilikuwa limeshuka. Bibi alikuwa akimngojea mjukuu huyo kwa namna ambayo hakuificha. Alikwisha andaa ngozi ya kondoo. Jioni ile ya Mwalimu Rehema hakuja kwenye jiwe kabisa, na mama akasema pengine uchungu umeanza.

Yaliyofuata maishani mwa mama, timu aliyopata, magoli, goti lililomsimamisha baadaye, hayo ni yake, na anayasimulia vizuri kuliko mimi. Yangu mimi ni ile adhuhuri ya siku ya mnada.

Watu wote walikuwa wameteremka mnadani. Njia ilikuwa tupu hadi ukasikia minyaa ikipasuka kwa jua. Mama alikuwa amepika makande, ameyaweka kati yetu, hali. Mlangoni pakaingia giza, na kabla hatujamtambua aliyesimama, fimbo ya bibi ilikuwa imekwisha vuka kizingiti na yeye nyuma yake, na kigoda chake, na blanketi lake, na mfuko wa tumbaku. Mama aliruka akarudi nyuma hadi ukutani. Alinyoosha mikono mbele, viganja wazi, kama anamzuia mpinzani.

"Mama, usiingie. Mama, tafadhali, toka."

Bibi aliweka kigoda karibu na moto, akakaa, akavuta pumzi. Aliutazama mji wetu ule mdogo, vyungu, kitanda, nguo za Ombeni zilizokunjwa juu ya sanduku kwa namna ya kiwandani, pembe kwa pembe. Kisha akachukua kijiko changu kutoka mkononi mwangu, akachota makande, akatia mdomoni. Akatafuna polepole, na meno machache aliyokuwa nayo. Akameza. Akachota tena.

Mama akaketi chini.

"Chumvi imezidi," alisema bibi.

"Mama, Veronika. Veronika atajifungua na nani?"

"Zahanati wana wauguzi. Si wamesomea?"

"Hutamshika yule mtoto. Hadi mvua zijazo hutamshika."

"Najua siku zake kuliko wewe." Alinirudishia kijiko, na kwa kuwa nilisita akakisukuma kwenye kiganja changu akavifunga vidole vyangu juu yake. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Tangu msiba, hakuna mtu mwingine zaidi ya mama aliyekuwa amenigusa. "Nimekaa ndani namna hii mara nyingi, wewe bado hujafika huku. Baba wa huyu alikuwa na ndugu zake. Nilikaa, nikatoka, nikazaa, nikakaa tena. Hakuna aliyewahi kuja njiani kuniita niende popote."

Mama alitaka kusema kitu. Bibi akainua fimbo.

"Mpira wenyewe siujui. Naona mnarushiana tu. Lakini yule mwanamke alikaa kwenye tope na gauni lile." Akafungua mfuko wa tumbaku. "Njia haina mtu sasa. Pita mtoni, usikanyage shamba la mtu. Ukimwona mtu, kaa chini hadi apite. Nenda kabla sijaanza kuogopa."

Mama hakulia wala hakunikumbatia, na kwa miaka mingi nililibeba hilo kama jiwe. Sasa nadhani alijua kwamba angenigusa asingeweza kuinuka. Alichukua raba, akazitia kwenye mfuko pamoja na khanga. Akachukua vazi moja dogo juu ya sanduku, akalitazama, akalirudisha. Akapiga goti mbele ya bibi kama mke mpya, na bibi akamwekea kiganja kichwani, akakiondoa upesi.

Nilipoona anakwenda kweli nilisimama. Nilisema nitakaa chini watu wakipita, nitakaa hata siku nzima, sitasema kitu. Bibi alinishika gauni kwa nyuma. Nilivuta, mshono wa begani ukaachia, na yeye hakuachia.

"Kaa," alisema. "Tuko wawili."

Mama akainama kupita, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko milango yote ya Maretadu, na kwa kitambo kidogo mwanga ulimzunguka pande zote nikamwona vizuri, shingo, mabega, mikono mirefu. Bibi akanyoosha mguu kutoka kwenye kigoda chake, akausukuma mlango nyuma ya mama, ukafungika.